Kuku Waliolalia Kioo

Mara ya kwanza Mwalimu alipobisha mlangoni kwangu, hakuomba chumvi wala kiberiti. Aliomba kuku. Wala hakutaka wa kuchinja. Alitaka kuku anayeatamia, wa kuazima tu, na akaahidi kumrudisha akiwa mzima.

"Mama Ayuma, uko na kuku ya kulalia mayai?" aliuliza, amesimama nje ya kizingiti kama mtu aliyekuja kuposa.

Nilimpima kwa macho kuanzia miwani mpaka viatu, maana mimi ni fundi wa nguo na hiyo ndiyo tabia yangu. Tulikuwa majirani hapo Amalemba kwa muda mfupi, na hatukuwa tumezungumza zaidi ya kusalimiana mulembe. Nilijua kwamba alifundisha kemia shule ya wavulana, kwamba alikuwa amekaa ng'ambo miaka mingi, na kwamba hakuwa na mke, kwa sababu hayo ndiyo mambo ambayo mtaa wetu hutangulia kuyajua. Nikamwuliza mayai yenyewe yako wapi.

"Sina mayai. Niko na chupa."

Mdomo wangu hauna kifuniko. Nilicheka mpaka wanawake waliokuwa ndani wakingoja sare za watoto wao wakatoka kuona kuna nini. Yeye hakukasirika, hakucheka, hakuondoka. Alingoja nimalize, halafu akauliza tena kwa maneno yale yale. Nikampa kuku mmoja mwekundu aliyekuwa amenidonoa mkono asubuhi hiyo. Nilitaka kuona mwisho wake.

Sitasimulia alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Wenye haja na hayo waende Shinyalu wakaulize. Mimi nataka kumweka hapa jinsi nilivyomjua miaka ile ya tisini, yeye na miwani yake na kuku wangu, kwa sababu kila nikimkumbuka moyo unaniuma, na nimechoka kuumwa peke yangu.

Alikuwa na namna moja tu ya kueleza kazi yake. Alianza na ini. Aliweka kiganja upande wa kulia, chini ya mbavu, akasema kuna uvimbe unaoota hapa ambao mara nyingi kisu cha daktari hakiuwezi, na ukiupiga mionzi kutoka nje, mionzi inaunguza nyama nzima kabla ya kuufikia. Kule ng'ambo alikuwa katika kikundi cha watu waliotafuta njia ya kuupiga kutoka ndani. Walitengeneza shanga za kioo ndogo kama chembe za unga. Katika kioo chenyewe walichanganya madini fulani ambayo yakiwekwa ndani ya kinu cha atomi huamka na kuanza kutoa mionzi. Daktari anazipitisha shanga hizo katika mshipa unaolisha ini, damu inazibeba, zinakwama kwenye vimishipa vya ule uvimbe, na hapo zinauchoma polepole. Mionzi yake haiendi mbali, haipiti upana wa kidole. Baada ya majuma machache moto wake umekwisha.

"Na hizo shanga zinatolewaje?" nilimwuliza.

"Hazitolewi. Mtu anakaa nazo mpaka azikwe nazo."

Ndiyo sababu, alisema, kioo hicho lazima kiwe na adabu. Hilo lilikuwa neno lake. Kioo chenye adabu ni kile kinachokaa ndani ya mwili wa mtu bila kuachia kitu chochote kwenye damu. Shanga za kule zilikuwa na adabu, ila zilikuwa nzito, damu ilizibeba kwa shida. Yeye alikuwa amebuni kioo chepesi zaidi. Sasa kioo chepesi, usipokichanganya sawasawa, huyeyuka majini kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kwa hiyo alitia shanga zake katika vichupa vya dawa ya sindano, akajaza maji ya chumvi, na ilibidi vichupa vikae katika joto la mwili wa binadamu mwaka mzima. Kila baada ya muda alizikausha na kuzipima kwenye mizani ya maabara ya shule aone kama zimepungua. Rafiki yake mmoja aliyebaki kule alikuwa ameahidi kwamba zikimaliza mwaka bila kupungua, azitume, wao wataziamsha katika kinu cha atomi na kuendelea na majaribio. Basi tumaini lake lote lilikuwa hilo, mwaka mmoja wa joto lisilokatika.

Hapa Kakamega mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mvua ikianza, stima nayo inakwenda zake. Shule ilikuwa na kabati la umeme la kutunza joto, lakini lilikuwa likipoa kila jioni kama uji uliosahauliwa. Mwalimu alikaa akafikiri, akakumbuka kwamba yai lililo chini ya kuku lina joto karibu sawa na la ndani ya mtu. Stima ikipotea, kuku hana habari.

Hivyo ndivyo kuku wangu walivyoingia katika sayansi. Alipanga vichupa saba katika kikapu chenye nyasi, akaweka na yai moja katikati ili kuku asione amedharauliwa. Yai lenyewe lilikuwa la kuchemsha, kwa sababu yai la kweli lingeanguliwa, na kuku angeondoka na kifaranga wake akaacha kazi. Kuku alipotoka kwenda kula, Mwalimu alivifunika vichupa kwa sweta kuukuu la sufu, na akiwa darasani nilivifunika mimi. Kuku mmoja akichoka, alikuja kwangu kuomba mwingine. Waliokataa kulalia kioo walirudishwa na sifa mbaya. "Huyu hana subira," aliniambia siku moja akinikabidhi kuku mweusi, kwa sauti ambayo bila shaka aliitumia kwa wazazi wa watoto walioanguka mtihani.

Mtu wa kioo, na miwani yake ilikuwa na ufa kwenye jicho la kushoto na mkono mmoja umefungwa plasta. Nilimwambia abadilishe. Akasema anaona vya kutosha. Chai alikunywa katika kikombe cha bati. Chupa ya soda hakuweza kuiacha mezani bila kuiinua kwenye mwanga atafute mapovu yaliyonaswa ndani ya kioo, na akiyapata alisikitika utadhani ni yeye aliyeitengeneza. Darasani, nilisikia, mwanafunzi aliyesema "kama gramu mbili hivi" alisimama mpaka kengele ilipolia. Lakini nyumbani kwake unga wa ugali hakuwahi kuupima. Leo ulikuwa uji, kesho ungeweza kujengea ukuta.

Nilijaribu kumtafutia mchumba, tena si mara moja. Nilimletea karani mmoja wa wilayani, binti mwenye heshima zake na sauti nzuri kanisani. Mwalimu alimkaribisha, akamtilia chai, akaweka kiganja chini ya mbavu zake, akaanza na ini. Binti aliniambia baadaye kwamba alidhani jamaa ni mgonjwa wa ini na mimi nilimficha. Nikakata tamaa na habari za kuozesha watu.

Shanga alizitengenezea kwenye vibanda vya jua kali, kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, Mwislamu wa Matungu. Nilikwenda na Mwalimu siku moja kwa sababu kitambaa cha hariri cha kuchujia nilikishona mimi, nami nilitaka kuona kinafanya nini. Kioo chake alikuwa amekwisha kukiyeyusha vipande vipande kwa moto wa gesi na kukitwanga katika kinu cha chuma. Alichuja ule unga, akachukua kidogo kwa ncha ya kijiko, akaunyunyizia katikati ya ulimi wa moto huku fundi akiushika kwa usawa. Kila chembe iliyeyuka hewani, ikajivuta ikawa duara, ikaangukia katika sufuria ya maji iliyowekwa chini.

"Wallahi Mwalimu," fundi alisema, jasho likimtoka chini ya kofia, "watu wananileteanga mageti. Wewe unanifanya nipike unga."

"Shika hapo hapo. Usitikisike."

"Nimeshika. Na hii dawa itaponya nani, inshallah?"

Mwalimu hakuinua macho. "Mtu wa ini," akasema.

Mtu wa ini alikuwa na jina. Alikuwa kaka yake, mzaliwa wa kwanza wa mama yao, aliyebaki nyumbani Shinyalu akilima mahindi na kuchuma majani chai ili mdogo wake asome. Tumbo lake lilivimba, macho yakawa manjano, na alikufa wakati mdogo wake yuko ng'ambo akipima shanga za kutibia maini ya watu wengine. Habari ilimfikia mazishi yameshapita. Aliniambia hayo mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya nyuma tukimngoja kuku arudi kikapuni, na hakulia. Alisema kwamba siku ile barua ilipofika alimaliza kupima shanga alizokuwa nazo mkononi, akaandika uzito wake, ndipo akaketi. Akarudi Kenya mwaka huo huo. Rafiki zake kule walimsihi asiondoke, na walikuwa na haki. Wakati mwingine nasikitika kwamba hakuwasikiliza, halafu nakumbuka kwamba nisingemjua.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, la sivyo hamtamwelewa. Mwalimu alikuwa adui mkubwa wa mahindi yenye ukungu. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wasile mahindi yaliyoota ukungu, wala wasiyape kuku, wala wasiyapikie pombe ya busaa, kwa sababu ule ukungu una sumu inayoharibu ini. Watu walimcheka. Nani atatupa gunia kwa sababu ya madoa? Alisema maneno hayo kwa kila mtu mpaka akaitwa Bwana Ukungu. Lakini mtu mmoja hakuwahi kumwambia, naye ni mama yake mzazi, ambaye ghala lake lilivuja kila masika. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Nikimwambia, atauliza kaka alikula nini." Basi alichofanya, alinunua mahindi makavu sokoni, akayapeleka Shinyalu mwisho wa juma, akamwaga yale mabovu msituni na kujaza haya mazuri katika magunia yale yale. Mama mtu akawa anajisifu kwa majirani kwamba Mungu amebariki ghala lake. Hivyo ndivyo alivyompenda mama yake, kwa kumficha ukweli. Nami nilimwona mwema kwa hilo. Sikuona mbele.

Mwaka wa vichupa ulikuwa unakaribia kutimia alipokuja kwangu kutoka shuleni bila hata kushuka vizuri kwenye baisikeli. Alikuwa amezipima. Alikunywa chai vikombe viwili vya bati mfululizo na kucheka mpaka nikaona meno yake ya nyuma kwa mara ya kwanza.

"Bado ina adabu, Mama Ayuma! Yote saba. Haijaachia hata kidogo."

"Basi sasa utaoa," nikamtania.

"Ikimaliza mwaka, hata hiyo nitafikiria."

Siku chache baadaye mama yake akaja kutoka Shinyalu kumtembelea. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye kucheka kwa mabega, na wa kanisa sana. Mwalimu alikuwa shuleni akisimamia mtihani. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kununua uzi. Mama akafungua mlango kwa ufunguo alioachiwa, akafagia, akaosha vyombo, akaona kuku ameketi kikapuni, akaingiza mkono chini yake kutafuta mayai ya kumpikia mwanawe.

Fikirieni alichokishika. Vichupa saba vya moto, vina unga mweupe chini na maji juu, kila kimoja kimebandikwa alama, vimefichwa chini ya kuku pamoja na yai moja lisilo na uhai, katika nyumba ya mwanamume mzima aliyesoma, mwenye kazi, ambaye hana mke. Mama yeyote wa huku kwetu angejua hapo hapo ameshika nini. Alitoka mbio akawaita akina mama wa maombi wa mtaa.

Niliporudi nilisikia nyimbo kabla ya kuona watu. Walikuwa wanatoka nyuma, upande wa choo cha shimo, wakipiga makofi. Mama yake Mwalimu alinikumbatia, machozi yanamtiririka.

"Mama Ayuma, mwanangu alikuwa amefungwa! Nimeona na macho yangu. Chupa, na unga nyeupe ndani, chini ya ingokho! Tumeomba, tumetupa yote kwa choo, tumemwaga na chumvi juu. Sasa huyu ataoa."

Hata yule kuku, ambaye alikuwa wangu, alikuwa ameombewa. Nilisimama na uzi wangu mkononi mpaka Mwalimu alipotokea na baisikeli.

Mama yake alimsimulia yote, akimshika mikono miwili. Mimi nilikuwa namtazama Mwalimu. Alikitazama kikapu, akautazama uso wa mama yake, na nikaona anachagua. Haikuchukua muda mrefu.

"Asante, mama," akasema. "Hata mimi nilikuwa nashangaa ni nini kinanizuia. Mmefanya vizuri."

Wakaimba tena. Akasimama katikati yao akaombewa, miwani yake yenye ufa ikiwa mkononi.

Mama alikaa siku kadhaa. Siku moja asubuhi na mapema alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani, akaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni.

"Wewe unajuanga mambo ya huyu mtoto," akasema mwishowe. "Zile chupa zilikuwa za nini?"

Nikajifanya natafuta sindano.

"Usinidanganye. Leo nimeenda choo nimempata huko ndani na tochi. Anamulika shimo. Amesimama tu, anamulika, anaangalia. Mtu akitolewa uchawi hafuatangi nyuma na tochi."

Sikuweza kumdanganya. Nilianza kama mwanawe alivyokuwa akianza, nikaweka kiganja chini ya mbavu. Nilipofika kwenye ini, aliinua mkono ninyamaze.

"Ile ya kaka yake?"

"Ndiyo, mama. Ile."

Akanishika mkono, vidole vyake vikavu na vyenye nguvu.

"Asijue kwamba najua. Ameniambia asante. Akijua najua, hiyo asante itamwumiza zaidi. Niapie."

Biblia ilikuwa chumba cha ndani, kwa hiyo niliapa mkono ukiwa juu ya cherehani. Akasema inatosha.

Mwezi uliofuata kuku aliletwa kwangu kutoka Shinyalu katika kikapu, amefungwa miguu, pamoja na ujumbe: "Mwambie Mwalimu hii inalalia." Nilielewa papo hapo. Mama alikuwa hawezi kurudisha shanga, hajui kioo wala kinu cha atomi, lakini alijua kutambua kuku anayeatamia. Alikuwa anamwambia mwanawe aanze tena. Na kuanza aliweza, kwa sababu mkebe wa madini aliokuja nao kutoka ng'ambo ulikuwa bado nusu, na fundi wa Matungu alikuwa bado na gesi. Nikakaa kungoja nione vichupa vikirudi kikapuni.

Mwalimu alimfungua yule kuku, akamsifu, akanunua mayai kwangu akamwekea.

Akaletwa mwingine. Naye akapewa mayai. Nikajaribu kumchokoza. "Mwalimu, na chupa je? Siku hizi hakuna?"

"Niliacha, Mama Ayuma. Kioo chenyewe kilikuwa kimeanza kuachia."

Nilijua ni uongo, maana nilikuwepo siku ya vikombe viwili vya chai. Nilidhani amevunjika moyo. Nilidhani ana hasira na mama yake anayoimeza. Nikasema nimpe muda, hasira itaisha, kuku wapo.

Mama yake kila alipokuja mjini alipitia kwangu kwanza. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Ameanza?"

"Bado, mama."

"Labda kuku ni ndogo," alisema mara moja. Aliyemtuma baada ya hapo alikuwa mkubwa kama bata mzinga, na nikambeba mwenyewe mpaka kwa Mwalimu nikimwomba Mungu wakati huo afungue macho ya mtu mwenye miwani. Mwalimu alisema huyo ni kuku mzuri sana. Akampa mayai kumi na mbili.

Barua za yule rafiki wa ng'ambo zikapungua, kisha zikakoma. Hakuoa. Mama yake akafariki wakati wa mvua ndefu, presha ilimwangusha shambani, na Mwalimu akaomba uhamisho kwenda shule iliyo karibu na kwao ili boma lisibaki tupu. Aliondoka Amalemba na vitabu, kikombe cha bati, na kikapu cha kuku.

Nilimwona tena mwaka ule ambao watu walikuwa wanasema kompyuta zitakosea tarehe na dunia itasimama. Nilikuwa nimekwenda Shinyalu kuwapima wanakwaya sare, na nilipomaliza nikamwambia kijana wa boda boda ageuze baisikeli anipeleke kwa Mwalimu. Nilimkuta amesimama uani katikati ya kuku, mwembamba zaidi, plasta ya miwani ikiwa mpya. Alifurahi hata akasahau kunikaribisha. Halafu akachinja kuku, kwa sababu mgeni ni mgeni, akapika obusuma, ugali wetu, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa obusuma kweli. Nilimwambia hivyo. Akasema miaka mingi ya upweke imemfundisha.

Ule mkebe wa madini ulikuwa juu ya kabati, kifuniko kimeshika kutu. Aliona nautazama.

"Unajua kwa nini niliacha?" akauliza.

"Ulisema kioo kiliachia."

"Kioo hakikuachia. Kilikuwa kioo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya." Alimega tonge akalishika bila kulila. "Ningeanza tena, mama angekuja siku moja akute chupa. Angeuliza, na mara ya pili ningemwambia nini? Angejua alitupa nini. Angejua ilikuwa ya ugonjwa wa kaka. Nikaona afadhali kazi ife, yeye abaki na furaha yake kwamba ameniokoa. Na alikufa hajui, Mama Ayuma. Nikikosa usingizi, hilo ndilo linanituliza."

Nikarudisha nyama sahanini. Yeye alikuwa ameanza kutabasamu, akikumbuka.

"Na vile alikuwa hajui, alikuwa ananitumianga kuku wa kulalia. Mama mzima, amefuga kuku maisha yake yote, na hakujua kunichagulia kuku wa nyama! Hata huyu tunakula ni wa uzao wao."

Nilikuwa nimeapa. Lakini niliyemwapia alikuwa amezikwa chini ya mgomba, hatua chache kutoka mlango ule, na huyu alikuwa mbele yangu anacheka. Sijui hadi leo kama nilifanya vyema. Nilimwambia yote, tochi, kigoda, cherehani, na swali lile la mlangoni, ameanza, ameanza. Nilimwambia na lile la kuku ndogo.

Alivua miwani akaiweka mezani karibu na sahani. Mvua ya alasiri ilianza kugonga mabati, na kuku wa uani wakakimbilia barazani kujikinga. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Wote aliowatuma," akauliza, "wote walikuwa wanalalia?"

"Wote, Mwalimu. Alikuwa akiwachagua mwenyewe."

Akavuta bakuli la maji akanawa mikono, ingawa alikuwa hajala hata kipande cha kuku yule.